"Usikanyage" si "usisogeze": jinsi mguu uliovunjika unavyorudi

Siku mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari alitoa maelezo yake kwa Kifaransa, haraka, huku ameshageukia kitanda kinachofuata. Muuguzi akayageuza kwa Kiswahili kwa neno moja: "Usikanyage." Tulilishika neno hilo kama amri ya kanisani. Tulimbeba hadi kwenye taksi, akakaa kiti cha nyuma mguu umenyooka, tukamlaza katika chumba cha mbele kwetu Katoyi, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Mama akamwekea mto chini ya goti ili lisimuume. Kwa wiki sita mguu ule haukutikisika. Chakula kilimfuata kitandani, beseni lilimfuata, ndoo ilimfuata. Wageni waliokuja kumpa pole walitusifu kwamba tunajua kutunza mgonjwa.

Alikuwa dereva wa moto, yaani teksi ya pikipiki. Aliteleza usiku wa mvua, pale lami inapokatika na mawe ya volkano yanapoanza, pikipiki ikamlalia upande wa kushoto. Muundi wake ulipasuka juu kabisa, unapokutana na goti, na ufa ukaingia ndani ya kiungo chenyewe. Walimpasua wakaweka plaki, yaani sahani ya chuma, pamoja na skurubu. Kazi ilifanyika vizuri. Wiki ya sita tulirudi, akapigwa picha ya radio, yaani eksirei, na picha ilikuwa nzuri: mfupa unaungana, chuma kimetulia mahali pake. Daktari akatabasamu, akamwambia akunje goti.

Goti lilikunjika kidogo tu, likagota kama mlango uliokutana na jiwe. Akaambiwa anyooshe. Halikunyooka pia. Paja lilikuwa limekonda kiasi kwamba niliweza kulizungusha kwa viganja vyangu viwili.

"Mazoezi alifundishwa na nani?" daktari akauliza.

Tukatazamana. Hakuna aliyetutajia mazoezi. Mfupa ulikuwa unapona na mguu ulikuwa unakufa, kwa wakati mmoja, ndani ya nyumba iliyojaa upendo. Tangu siku hiyo nimeona jambo hilohilo katika nyumba nyingi za Goma, kwa mikono, kwa mabega, kwa nyonga za wazee, na karibu kila mara fundo lote liko kwenye neno lile moja. Nataka nilifungue hapa, kama nilivyofunguliwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye sisi huku tunamwita kine kwa kifupi.

Siku alipofika nyumbani kwetu mara ya kwanza, mama alimzuia mlangoni. Docta alisema asikanyage, mumuache. Kine akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, akamjibu kwa upole: "Mama, balisema asikanyage. Habakusema asikunje goti."

Kukanyaga ni kuuweka uzito wa mwili juu ya mfupa. Kusogeza ni kukikunja na kukinyoosha kiungo bila kukibebesha kitu. Ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi sana daktari anakataza ya kwanza huku akiwa anaitaka ya pili ianze keshokutwa yake.

Kwa nini ya kwanza ikatazwe? Mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda kwenye ufa. Siku chache baadaye mwili huanza kusafisha vilivyokufa, na kufikia wiki ya pili au ya tatu hujengeka gundi laini inayozishika ncha mbili. Kisha madini ya chokaa huingia kwenye gundi hiyo na kuifanya ngumu, ndiyo lile wingu jeupe ambalo mara nyingi daktari anakuonyesha kwenye picha. Mfupa wa karibu na kiwiko cha mkono au kifundo cha mkono, kwa mtu mzima, unaweza kushikana vya kutosha kwa wiki sita hivi. Muundi ni mvivu zaidi, miezi mitatu hadi minne na wakati mwingine hata zaidi, kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama nene ya kuuletea damu. Fupa la paja nalo ni miezi mitatu na zaidi. Watoto huwahi sana kuliko sisi. Na mtu anayevuta sigara mfupa wake huchelewa. Hilo si mahubiri, moshi hubana mishipa midogo ya damu inayolisha ufa.

Kwa mdogo wangu kulikuwa na sababu ya ziada. Mfupa wake ulivunjika kwenye uso wa kiungo, pale gegedu, kifuniko laini cha ncha za mifupa, inapolala. Vile vipande vilikuwa vimeinuliwa na kupangwa kama vigae. Uzito wa mwili mzima ungevididimiza kabla havijashikana, na goti lenye uso wa mabonde halimalizi miaka mingi bila maumivu. Lakini kukunja bila kukanyaga hakuvididimizi. Mifupa miwili hutelezeana tu, na kule kuteleza kunaulainisha uso unaojijenga.

Ndiyo maana nasema usimpime mgonjwa wako kwa mgonjwa wa jirani. Yule aliyevunjika fupa la paja katikati, akapigiwa msumari mrefu ndani ya mfupa, anaweza kuruhusiwa kukanyaga siku chache tu baada ya upasuaji, kwa sababu msumari unabeba mzigo pamoja na mfupa. Bibi aliyevunjika nyonga na kupasuliwa anainuliwa kesho yake, kwa uchungu na vilio, kwa kuwa mzee akilala chali wiki mbili hufuatwa na homa ya mapafu, damu kuganda kwenye mishipa na vidonda vya mgongoni. Na mtu wa plaki kwenye uso wa goti anasubiri wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Anayekanyaga mapema si shujaa kuliko anayesubiri. Wana mifupa tofauti na vyuma tofauti.

Sasa upande wa pili, ule ambao hatukuambiwa.

Gegedu, ile nyama nyeupe inayong'aa kwenye ncha za mifupa, ambayo kila mtu ameiona kwenye paja la kuku, haina mishipa ya damu. Inakula kupitia ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo hauingii wenyewe. Kiungo kinapokunjwa gegedu inakamuliwa kama sifongo, kinapoachiwa inanyonya. Kiungo kisichosogea ni sifongo iliyoachwa juani. Mfuko unaokizunguka kiungo nao hujikunyata, makovu ya upasuaji hushikamana na kila kilicho jirani, na kano zilizokaa fupi kwa wiki nyingi hukubali kuwa fupi. Mto wa mama, ule uliowekwa kwa huruma, ndio uliolifundisha goti kukaa limekunjika. Mtu akilala na goti juu ya mto anahisi nafuu, kwa sababu goti lenye maji hupenda kukaa nusu-nusu. Lakini nafuu ya usiku mmoja ikirudiwa usiku arobaini inakuwa kilema. Mto, kama ni lazima, uwekwe chini ya kisigino, ili goti lenyewe lining'inie na kunyooka kwa uzito wake.

Misuli ni habari nyingine, na ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Msuli mkubwa wa mbele ya paja huanza kupungua ndani ya siku chache za kulala, na kufikia wiki ya pili tofauti inaonekana kwa macho. Lakini kukonda si tatizo la kwanza. Kiungo kilichovimba hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unazima msuli ulio karibu, kama mtu anayezima taa ya chumba chenye hatari. Kine alimwambia mdogo wangu: kaza paja, sukuma nyuma ya goti kuelekea kitandani. Alijaribu. Alikunja uso, alikaza meno, alikaza hata shingo. Pajani hakuna kilichotikisika.

"Nimekaza," akasema.

"Hapana, umekaza tako," kine akajibu, akaweka vidole vyake juu kidogo ya goti. "Nataka hapa."

Siku tatu hakuna kitu. Kine akamwambia aanze na mguu mzima, aukaze aone unavyofanya, kisha aikaze miguu yote miwili kwa pamoja. Siku ya nne jioni, mimi nikiwa nimeshika taa ya simu, msuli ulirukaruka kidogo chini ya ngozi, kama samaki mdogo aliyegusa uso wa maji. Mdogo wangu alilia. Sijawahi kusahau.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya kila siku, na haikuhitaji mashine yoyote. Taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, kukandamiza goti chini, kushika sekunde tano, kuachia, mara kumi, na hayo yote mara tano kwa siku. Kupiga unyayo mbele na nyuma kila saa ili damu ya kwenye shavu la mguu isilale. Kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, pale msuli ulipopata nguvu ya kuubeba. Kwa kukunja, kine aliweka sinia la bati kitandani, akamvalisha soksi, na kisigino kikateleza juu ya sinia kuelekea makalioni, polepole, hadi mahali pa uchungu, kikasimama hapo, kikarudi. Kabla ya yote hayo alikishika kilegesambwa, kile kifuniko cha goti, kwa vidole gumba viwili. Kwenye mguu mzima kiliteleza huku na huku bila shida. Kwenye mguu uliopasuliwa kilikuwa kimegandia. Alikisukuma juu, chini, kushoto, kulia, kwa subira, akatufundisha tufanye hivyo wenyewe, kwa kuwa kilegesambwa kisipoteleza goti halikunjiki hata ulivunje.

Alipima kwa kifaa cha plastiki chenye mikono miwili na alama za digrii. Goti lililonyooka kabisa ni 0. Mdogo wangu alianza akikosa digrii 20 ili anyooke, na mwisho wake wa kukunja ulikuwa 50. Kutembea sawasawa kunataka 60 hadi 70. Kupanda ngazi, kama 90 na ushee. Kuinuka kwenye kiti cha chini kunataka zaidi ya hapo. Kuchuchumaa chooni, choo chetu cha shimo tunachokijua wote, kunataka 120 na kuendelea. Nilipoyasikia maelezo haya ndipo nilipoelewa kwa nini kine hakuridhika na 90 ambayo pengine ingemtosha mtu anayekaa kwenye choo cha kiti na kufanya kazi mezani. Mwambie kine wako unaishi vipi. Kama unachuchumaa kupika, kama unapiga magoti kusali, kama unasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na goti moja liko juu ya ubao, useme ili alama zako ziwekwe huko. Hata hivyo alisisitiza kunyoosha kabla ya kukunja. Goti lisilokunjika sana linakusumbua chooni. Goti lisilonyooka linakufanya uchechemee kila hatua ya maisha yako, na linachosha mgongo na nyonga.

Na maumivu? Hapa ndipo familia zinapokosana na kine. Tulimwona kama anatesa. Alitupa kipimo ambacho nimekitumia tangu hapo: mgonjwa ataje uchungu wake kati ya 0 na 10. Wakati wa zoezi, ukifika 4 au 5 si neno, mradi utulie baadaye na asubuhi yake mguu usiwe umevimba kuliko jana. Ukiamka umevimba na unauma zaidi, jana mlizidisha, punguzeni, msiache. Zoezi lisilo na uchungu hata chembe kwenye goti lililogandia halifungui kitu, na zoezi la kupiga kelele linaongeza uvimbe ambao unauzima tena ule msuli. Baada ya mazoezi aliuinua mguu juu, akauwekea kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya barafu kwa dakika kama kumi na tano. Mama alitaka maji ya moto, kama tunavyomkanda mzazi. Kwenye mguu mpya uliovimba, joto linaongeza uvimbe.

Magongo kwenye mawe ya Goma

Ruhusa ya kukanyaga haiji yote mara moja. Kuna kugusa tu, unyayo ukiwa chini kama unaokanyaga yai. Kuna nusu ya uzito. Kuna uzito wote. Shida ni kwamba mtu akiambiwa "kanyaga kilo ishirini" hajui kilo ishirini zinavyohisiwa mguuni. Kine alileta mizani ya kupimia watu, akaiweka sakafuni na kando yake ubao wa unene uleule. Mguu mzima ukasimama juu ya ubao, mguu mgonjwa juu ya mizani, mikono kwenye magongo. Bonyeza mpaka sindano ifike 20. Achia. Bonyeza tena, sasa fumba macho. Ndani ya siku mbili mguu ulikuwa umeshaijua 20 kwa moyo.

Magongo, mabeki kama wengi wanavyosema, yana urefu wake. Ukisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo paingie vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana neva zinazopita hapo, na baada ya wiki kadhaa huanza kulalamika vidole vimekufa ganzi au mkono hauinuki. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima. Kushuka unatanguliza magongo na mguu mgonjwa. Na kwa sisi wa Goma, ambao vichochoro vyetu ni mawe ya lava yenye meno, angalia mipira ya ncha za magongo kila wiki. Ikilika, gongo linateleza kwenye jiwe lililolowa. Fundi wa viatu anayeshona kandambili za tairi anaweza kukukatia mipya. Mdogo wangu mazoezi ya kwanza ya nje aliyafanya ndani ya ua, kisha barabara ya lami asubuhi mapema kabla ya moto kujaa, na mawe aliyaacha mwisho kabisa.

Kukanyaga, muda wake ukifika, ni dawa. Mwaka 1892 Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Mahali panapobebeshwa huongezwa, mahali pasipotumika hupunguzwa. Kwa hiyo mtu aliyeruhusiwa kukanyaga wiki ya kumi na mbili, akaogopa, akaendelea na magongo mpaka mwezi wa sita, anaudhoofisha mfupa aliodhani anaulinda. Hofu hii ni ya kweli na haiponi kwa kukemewa. Mdogo wangu alikuwa akisema, "Minaogopa itavunjika tena." Kine alimwonyesha picha ya radio dirishani, akamfuatisha kwa kidole mahali ufa ulipokuwa, mpaka akaamini kwa macho yake.

Waunga mifupa

Katika wiki zile mbaya, mjomba alituletea mzee anayeunga mifupa. Sitamtukana mtu huyo, wala wanaomwendea. Anapatikana usiku, anapokea malipo kidogo kidogo, anaongea lugha ya mgonjwa, na mivunjiko mingi rahisi isiyo na kidonda hupona mikononi mwake kwa sababu mfupa una nia ya kupona. Lakini kuna mambo mawili yanayoniumiza roho, na lazima niyaseme.

La kwanza ni kufunga vijiti kwa kukaza sana. Mkono au mguu uliovunjika huvimba, na nyama zake zimo ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Ukiifunga kwa nguvu, uvimbe unakosa pa kwenda, unabana mishipa ya damu, na msuli unakufa ndani ya saa chache. Richard von Volkmann aliueleza mkono wa namna hiyo mwaka 1881, vidole vikiwa vimejikunja kama kucha za ndege na havifunguki tena. Plasta ya hospitali nayo inaweza kufanya hivyo. Dalili ni maumivu yanayozidi kila saa badala ya kupungua, uchungu mkali mtu mwingine akivinyoosha vidole vya mgonjwa, ganzi, vidole baridi au vyeupe. Hapo usisubiri asubuhi. Fungua kilichofungwa, kimbia hospitali, usiku huohuo.

La pili ni kuchua kwa nguvu, hasa kiwiko cha mtoto. Mtoto ameanguka kwenye mwembe au ukutani, kiwiko kimevunjika, kimekakamaa, mtu anakishika na kukivuta kila asubuhi huku mtoto akilia. Msuli uliochanwachanwa karibu na kiwiko una tabia ya kujijenga mfupa ndani yake, na mfupa huo mpya unakifunga kiungo moja kwa moja. Kiwiko hakivutwi. Mtoto mwenyewe akikunje akicheza, akila, akijimwagia maji. Na goti lililogandia kabisa, likiwa mazoezi ya wiki nyingi yameshindikana, hukunjwa na daktari mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, si na wajomba wanne wakiwa wamemkalia.

Zipo na dalili nyingine ambazo zoezi haliziponyi: shavu moja la mguu lililovimba, lina joto na linauma ukilibonyeza, au kifua kinachobana ghafla na pumzi kukatika (hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda na kusafiri), homa na usaha kwenye kidonda au pale vyuma vya nje vinapoingia kwenye ngozi, kishindo ndani ya mguu kikifuatwa na ulemavu mpya. Hizo ni za daktari.

Mji wetu unajua mivunjiko ya moto, na unajua ya risasi pia. Mapigano yalipofika ndani ya Goma Januari 2025, hospitali zilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Pale hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa wamefanya upasuaji pamoja na wenyeji kwa miaka, watu walilazwa hadi nje ya wodi. HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, imewahudumia wengi waliovunjika hapa. Kwa aliyekatwa mguu, kazi ya kine huanza hata mapema zaidi, kabla mguu wa bandia haujazungumziwa. Kisiki hufungwa bendeji kuanzia nchani, kikazwe zaidi chini kuliko juu, ili kipate umbo litakaloingia kwenye mguu wa bandia. Na mto uleule unarudi: aliyekatwa chini ya goti akilala na mto chini ya kisiki, goti hujikunja na kukataa, na mguu wa bandia hautamfaa. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi kila siku kwa muda, ili nyonga isikunjike. Kituo kinachoitwa Shirika la Umoja, hapa Goma, wanatengeneza miguu ya bandia na kufundisha kuitembelea. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu. Nimeona vijana wakifika huko na visiki vilivyokwisha kukunjika, ikabidi wakae wiki nyingi wakinyooshwa kabla ya kupimwa.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Wengi hawawezi kumlipa kine mara tatu kwa wiki, na wanaotoka Sake au Kibumba hawawezi hata nauli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika nyumbani. Sisi tulimwita mara moja kwa wiki: alipima, alibadilisha mazoezi, akaandika kwenye daftari, akaondoka; siku sita zilizobaki zilikuwa zetu. Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Msuli haujengwi kwa foufou, ugali wetu, peke yake. Maharage, mayai, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jibini ya Masisi ukipata kipande. Mgonjwa anayefanya mazoezi ale hivyo hata kama kidogo kidogo, na si lazima nyama.

Ukitoka hospitali, usikubali kuondoka na neno moja kama tulivyoondoka sisi. Shikilia mlango kama ni lazima, uulize: nikunje kiungo gani na kuanzia lini? Nikanyage kiasi gani, na mpaka tarehe ipi? Ni kitu gani nikikiona nirudi usiku? Omba iandikwe. Kama ni Kifaransa, mtu wa nyumbani ataisoma.

Mdogo wangu alipata digrii ya 0 mwezi wa nne na 115 mwezi wa saba. Alitaka kurudi kwenye moto mapema zaidi, kine akamkatalia. Mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia, na ndio unaowekwa chini moto inaposimama kwenye mawe na abiria wawili mgongoni. Alimwambia: simama kwa mguu huo peke yake sekunde thelathini bila kushika ukuta, inuka kwenye kigoda kwa mguu huo mara kumi, panda ngazi bila kuchechemea, ndipo tuzungumze. Ilichukua mwezi mwingine na nusu. Leo anachuchumaa akiegemea kidogo kulia. Kupiga magoti kwenye sakafu tupu bado kunamuuma mahali pa kovu, na kine anasema huenda kukabaki hivyo.

Juzi mtoto wa jirani alirudishwa nyumbani na paja lenye msumari. Mama alienda kuwapa pole, nami nikamfuata. Waliweka kiti, wakatoa chai. Mama hakukaa. Alienda moja kwa moja kitandani, akausalimia mguu kabla ya mtoto, akauvuta mto uliokuwa chini ya goti na kuusogeza taratibu hadi kisigino, kisha akamuuliza yule kijana: "Walikuambia ukunje mpaka wapi?"